Suluhu ya Maskati na Aden

Katika pwani yetu hii hapana nchi za ng'ambo zilizoingia majumbani mwetu kama Oman na Hadhramaut. Pita mtaa wowote wa kale wa Mombasa, Lamu, Malindi au Unguja, utakuta nyumba ya watu wenye asili ya Kimanga, na ubavuni mwake nyumba ya Washihiri, na mara nyingi nyumba hizo mbili zimekwisha kuoana hata hujui wapi inaishia hii na wapi inaanzia ile. Majahazi ya Sur na majahazi ya Shihr yalishuka kwa kaskazi moja na kurejea kwa kusi moja. Kwa hivyo kijana wa leo akiambiwa ya kwamba serikali za nchi hizo mbili zilikaa miaka kumi na mitano bila ubalozi wala salamu, zikipigana kwa mizinga na kwa redio, hudhani anaelezwa khabari za watu wengine.

Khabari hiyo inafaa kuelezwa kwa sababu ilikwisha kwa suluhu, na suluhu yenyewe ilikuja kwa njia ambayo wengi wetu hatuitazamii. Twadhani ugomvi wa madola huisha siku wakubwa wawili wanapokumbatiana mbele ya wapiga picha. Maskati na Aden walianza kusuluhiana wakati hawapendani hata kidogo, wala hawakujifanya kupendana.

Oman na Yemen hukutana katika jimbo la Dhofar. Hiyo ndiyo nchi ya ubani, na ni katika sehemu chache za Bara Arabu zinazopata manyunyu ya kusi, tangu mwezi wa Juni hata Septemba, milima ikawa ya kijani kama Taita. Upande wa magharibi wa milima hiyo huanza nchi ya Mahra, ambayo ni Yemen. Wamahra na watu wa milima ya Dhofar husema lugha zao wenyewe za kale, ambazo Mwarabu wa Maskati au wa Aden akizisikia hafahamu kitu. Ngamia na mbuzi wao walifuata majani na maji popote yalipo, na wachungaji hawakuulizana hapa ni kwa Sultani gani. Mpaka uliokubaliwa na pande zote mbili haukuwako.

Aliyetawala Oman tangu mwaka 1932 alikuwa Sayyid Said bin Taimur. Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba aliikuta nchi imelemewa na madeni akayalipa, na hilo ni kweli. Lakini raia hawaishi kwa madeni yaliyolipwa. Hata kufikia mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali. Milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alilazimika kushika taa mkononi. Kusafiri kulikuwa kwa ruhusa. Yeye mwenyewe tangu mwaka 1958 alikaa Salalah, wala hakurudi tena Maskati mpaka utawala wake ulipokwisha. Vijana wa Dhofar walikwenda Kuwait na Bahrain kutafuta kazi, wakaona skuli na mahospitali, wakarudi na ghadhabu vifuani. Mwezi wa Juni 1965 wakashika silaha, na mkubwa wao wa mwanzo alikuwa Musallam bin Nufl.

Fahamu, ndugu msomaji, ya kuwa mpaka hapo ule ulikuwa ugomvi wa watu na mtawala wao. Yemen haikuwamo, maana Aden ilikuwa bado mkononi mwa Mwingereza. Mwingereza aliondoka tarehe 30 Novemba 1967, na siku hiyo hiyo akavikabidhi kwa Sultani wa Oman visiwa vya Kuria Muria, vilivyokuwa vyake tangu karne ya kumi na tisa. Serikali mpya ya Aden ikavidai. Ndivyo mgeni anavyoaga: anaondoka, na nyuma yake anaacha kitu cha kugombewa.

Waliopokea nchi huko Aden walikuwa vijana wakali waliofuata mafundisho ya Karl Marx. Wakawakaribisha wapiganaji wa Dhofar, wakawapa kituo katika mji wa Hawf ulio karibu na mpaka, na silaha za Kichina na za Kirusi zikawafikia kwa njia hiyo. Mwezi wa Septemba 1968 wapiganaji wakakutana na kubadilisha jina na madai yao. Hawakutaka tena haki ya Dhofar tu. Sasa walitaka kupindua utawala wa Ghuba nzima. Musallam bin Nufl na wenziwe wa kwanza wakasukumwa kando. Walioanza kwa kudai skuli na hospitali wakajikuta wako chini ya viongozi waliowaambia kwamba dini na ukoo ni mambo ya kale ya kufutwa.

Hapa sitaki kumpendelea mtu. Aliyeukoka moto ule ni Sayyid Said kwa ugumu wake, na aliyeutia mafuta ni Aden. Nayo Aden ilianza kwa watu wake wenyewe. Mwaka 1972 Hadhramaut ilipita katika siku ambazo Washihiri wa huku walizisikia wakalia: masharifu, masheikh na wenye mashamba walikamatwa, na wengine wakauawa. Katika waliochukuliwa zama hizo ni mwanachuoni wa Tarim, Habib Muhammad bin Salim bin Hafidh, aliyetiwa mkononi siku ya Ijumaa akaenda kusikojulikana. Mwanawe Umar, aliyekuwa mtoto mdogo siku hiyo, ndiye Habib Umar ambaye wengi wetu tumemwona na kumsikiliza hapa hapa pwani.

Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni miaka hiyo. Katika mtaa wetu walikuwako wazee wawili, mmoja asili yake Oman na mwingine Mukalla, ambao kila baada ya alasiri walikaa baraza moja wakinywa kahawa ya buli moja. Walikuwa na redio, wakisikiliza Kiarabu. Nikaona siku moja yule wa Mukalla amehamia baraza ya upande wa pili, na buli likawa mawili. Wala hakuna hata mmoja katika wao aliyewahi kuiona Dhofar! Ugomvi wa redio una mguu mrefu.

Tarehe 23 Julai 1970 Sayyid Said aliondolewa, akatawala mwanawe Qaboos, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Dhofar. Jambo lake la mwanzo katika vita hivi lilikuwa ni kutangaza msamaha. Aliyeshuka mlimani na bunduki yake hakufungwa. Aliandikwa askari katika vikosi vya kabila lake na kupewa mshahara, na serikali ikachimba visima na kujenga skuli mahali walipotoka. Msamaha huo haukuishia kwa askari wa kawaida. Yusuf bin Alawi alikuwa katika wanaharakati wa mwanzo wa Dhofar, akifanya kazi yao ng'ambo. Akarudi, akapandishwa daraja, na baadaye kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2020, yeye ndiye aliyeisemea Oman mbele ya madola. Mtu aliyekuwa adui wa serikali akawa ulimi wake. Ni watawala wangapi mnaowajua wanaoweza hilo?

Vita lakini havikwisha kwa msamaha peke yake. Mwaka 1971 Oman iliomba kuingia katika Umoja wa Mataifa, na Yemen ya Kusini ikapiga kura ya kuikataa. Mwezi wa Mei 1972 vita vikafika Habarut. Huko kuna bonde lenye mitende na maji, na juu yake zilijengwa ngome mbili zinazotazamana, moja ya Oman na moja ya Yemen, askari wa hii wakiwaona askari wa ile wakipika. Ngome ya Oman ikavunjwa, kisha ndege za Oman zikaipiga ngome ya upande wa pili. Mwezi wa Julai mwaka huo wapiganaji wakaushambulia mji wa Mirbat wakashindwa. Shah wa Iran akaleta askari wake tangu mwaka 1973, Jordan nayo ikasaidia, na maofisa wa Kiingereza walikuwamo tangu mwanzo. Mwezi wa Oktoba 1975 ndege za Oman zilivuka zikaupiga mji wa Hawf wenyewe. Mwezi wa Disemba Sultani akatangaza kwamba vita vimekwisha.

Vilikwisha vita, lakini uadui ulibaki. Hili ndilo jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio, kwa kuwa hapana mapigano ya kusimulia. Tangu mwaka 1976 mpaka 1982 majirani hawa walikaa kila mmoja ameshika bunduki nyuma ya mlango. Saudia ilijaribu kuwapatanisha, haikufaulu. Mwezi wa Oktoba 1979 Aden ilitia saini mkataba wa urafiki na Urusi; mwaka 1980 Maskati iliiruhusu Marekani kutumia bandari zake na viwanja vyake vya ndege. Basi kila mmoja akawa na mgeni mkubwa nyumbani kwake, na kila mmoja akimwambia mwenzake: mtoe mgeni wako kwanza, ndipo tuzungumze. Kwa maneno hayo wangeweza kukaa mpaka leo.

Waliowatoa hapo ni Kuwait na Imarati. Walikuwa na sababu zao. Vita vya Iraq na Iran vilikuwa vimeanza Septemba 1980, na watu wa Ghuba hawakutaka moto mwingine mgongoni. Aden nayo ilikuwa imechoka. Tangu Aprili 1980 mkubwa wake alikuwa Ali Nasir Muhammad, mtu aliyekuwa mlaini kuliko waliomtangulia. Hazina yake ilikuwa tupu, na mwaka 1982 mafuriko makubwa yaliharibu mashamba na nyumba za watu. Wenye mali ya kusaidia ni hao hao jirani zake wa Ghuba ambao redio yake ilikuwa ikiwatukana. Na Maskati ilikwisha kufahamu kwamba mlima huweza kulindwa kwa askari mwaka mmoja au kumi, lakini hauwezi kulindwa milele ikiwa jirani wa nyuma ya mlima anataka uwake.

Mwezi wa Oktoba 1982, katika mji wa Kuwait, wakakubaliana. Ukiyasoma masharti yake utaona jinsi yalivyo madogo. Kila mmoja asiingilie mambo ya ndani ya mwenziwe. Asiiache ardhi yake itumiwe na askari wa kigeni kumshambulia jirani. Zikome kampeni za matusi katika redio na magazeti. Iundwe kamati ya kuutazama mpaka. Kisha wafuate mabalozi. Hapana neno la undugu wa milele, wala hapana aliyelazimishwa kusema kwamba alikosa. Suala la wageni wakubwa, ambalo ndilo lililokuwa limewakwamisha, walilizunguka kwa hekima: Mrusi hakutolewa Aden, Mmarekani hakutolewa Maskati, wakaahidiana tu kwamba mgeni wangu hatakurushia jiwe akiwa uani kwangu.

Wapo waliocheka. Walisema huo ni mkataba wa maneno na kwamba jambo lenyewe, yaani mpaka, limetupiwa kamati. Mimi nikizisoma khabari hizo hukumbuka Hudaibiya, mwaka wa sita wa Hijra, namna masahaba wengi walivyoona uzito kwa masharti yale, na namna miaka miwili iliyofuata ilivyowafanya watu wachanganyike, wasikilizane na wabadilike. Sisemi kwamba watu wa Aden na Maskati walikuwa wakiifuata Hudaibiya. Wengine wao hata wasingependa kutajiwa. Nasema tu kwamba kunyamaza kwa muda kuna kazi yake.

Na sharti la redio, kwa maoni yangu, lilikuwa na nguvu kuliko yote. Bunduki ya Hawf ilimfikia mtu wa Dhofar. Redio ilifika mpaka katika baraza yetu. Serikali mbili zilipoacha kutukanana, mtu wa kawaida alipata nafasi ya kumwuliza shemeji yake khabari za watoto bila ya kuonekana msaliti.

Mtihani wa mkataba ulikuja upesi. Tarehe 13 Januari 1986 wakubwa wa Aden waligeukiana katika chumba chao wenyewe cha mkutano. Wakapigana mjini kwa vifaru na mizinga; walikufa maelfu ya watu kwa siku chache, na wageni wakachukuliwa pwani kwa meli. Bandari ile ambayo wazee wetu waliijua kwa taa zake na maduka yake ikawa inawaka. Ali Nasir, aliyesuluhiana na Maskati, akakimbilia kaskazini, na akashika nchi Haidar Abu Bakr al-Attas pamoja na wale waliomshinda.

Fikiri ungekuwa wewe ndiye Maskati. Adui yako wa miaka kumi na mitano ameanguka nyumbani kwake, na mikono yake anaitumia kujipiga mwenyewe. Wenye kisasi ungewapata wa kutosha. Lau wangetaka, wangewasha moto Mahra kama Aden ilivyowasha moto Dhofar. Hawakufanya. Waliuacha mkataba mahali pake, na wakubwa wapya wa Aden wakaona hivyo, nao wakasema watauheshimu. Nadhani hapo ndipo suluhu ilipokuwa suluhu hasa, wala si siku ya kutia saini. Katika Kuwait kila mmoja alikuwa na haja na mkataba; mwaka 1986 mmoja aliweza kumdhuru mwenziwe, akajizuia.

Hata hivyo wasidanganyike wanaopenda hadithi nyororo. Mwezi wa Oktoba 1987 askari wa mpakani walipigana tena. Kabla ya mwaka 1982 tukio kama hilo lingeendeshwa kwa ndege siku ya pili yake. Safari hii liliingia katika kamati, ile kamati waliyoicheka watu, na likamalizwa kwa mazungumzo.

Tarehe 22 Mei 1990 Yemen mbili ziliungana, na jirani wa Oman akawa Sanaa badala ya Aden. Wengi walikhofu kwamba kazi yote itaanzwa upya. Kazi iliendelea pale ilipofika, na tarehe 1 Oktoba 1992, miaka kumi kasoro siku chache tangu Kuwait, mkataba wa mpaka ukatiwa saini Sanaa. Mstari unaanzia pwani, Ras Dharbat Ali, unakwenda mpaka jangwani kiasi cha kilomita 290. Kuusimika kwa alama na ramani kulichukua miaka mingine, mpaka miaka ya tisini ikakaribia kwisha.

Lakini mstari si jambo ninalolipenda zaidi katika mkataba ule. Nalipenda lile lililoambatishwa nyuma yake, yaani makubaliano juu ya malisho, mapito na matumizi ya maji katika nchi za mpakani. Mabwana wale waliokuwa wakigombania Ghuba nzima, na Urusi na Marekani nyuma yao, walikaa chini wakaandika khabari ya mbuzi na ngamia: kwamba mchungaji avuke kufuata majani, na anyweshe mifugo yake. Hapo ndipo palipokuwa na watu tangu mwanzo. Mzee wa Kimahra hakuwahi kuulizwa kama anataka mapinduzi au ufalme. Lakini kisima anakijua, na alikuwa hawezi kukifikia. Nimeona mikataba mingi ikisifiwa kwa ukubwa wa majina yaliyoutia saini. Huu mimi nausifu kwa kisima.

Mwaka 1994 Yemen ilipigana tena, kusini na kaskazini, na kusini ikashindwa. Ali Salim al-Beidh, mmoja wa wakubwa wa Aden wa tangu zama za uadui, alitafuta mahali pa kukimbilia akakimbilia Oman. Ikampokea, kwa sharti kwamba aache siasa, na baadaye ikampa uraia. Alikaa huko kiasi cha miaka kumi na mitano. Mwaka 2009 alipoondoka na kurudi katika siasa, uraia ule ukaondolewa, kwa kuwa ahadi ya kutoingilia ya jirani bado ilikuwa ikimfunga mwenye nyumba. Wako waliosema Oman ilikuwa kali kwake. Lakini mgeni aliyepewa kivuli hawi na ruhusa ya kukifanya kivuli hicho kituo cha kumpigia jirani. Na kama kuna nchi iliyokuwa ikijua kituo kama cha Hawf kinaleta nini, ni Oman.

Mwezi wa Machi 2015, Saudia na wenziwe walipoanza vita vya Yemen, Oman ilikuwa dola peke yake katika madola sita ya Baraza la Ghuba ambayo haikuingia. Watu wa pande mbalimbali za Yemen walipata mahali pa kukutana Maskati, na majeruhi wengi walipelekwa kutibiwa huko. Sultan Qaboos alikufa tarehe 10 Januari 2020, na mrithi wake akaendelea na mwendo ule ule. Aprili 2023 wajumbe wa Oman walikwenda Sanaa pamoja na wajumbe wa Saudia kutafuta njia ya amani. Yemen yenyewe haijatulia, na Wayemeni wamepata mateso ambayo suluhu ya jirani mmoja haiwezi kuyafuta.

Karibu na mpaka, upande wa Oman, pana mahali panaitwa al-Mazyunah. Mwaka 1999 pakafunguliwa eneo la biashara huru, na Myemeni aliruhusiwa kuingia humo kufanya kazi na kuuza na kununua bila ya viza. Malori yakawa yanashusha mchele, magari na vyakula, mizigo ikavushwa kwenda Mahra na Hadhramaut, kwa njia ya jangwani isiyo mbali sana na bonde la Habarut, pale ngome mbili zilipokuwa zikitazamana.